Mume wa Sista

Wanaume wenzangu, kuna kazi haina mshahara, haina likizo, haina hata kofia ya kampuni. Kazi ya kuwa mume wa mwanamke anayealikwa kuongea. Mama Mutua ni nesi. Sista, ndivyo wanavyomwita huko nje. Miaka yote alikuwa anaongea na mimi peke yangu, tena bila maiki, na nilikuwa nasikia vizuri tu. Sasa wamama wa kanisa wamemgundua. Leo Machakos, kesho Makueni. Presha, sukari, kansa ya matiti. Kila anapoenda anapigiwa makofi. Mimi napigiwa honi, kwa sababu nimeegesha gari pabaya.

Halafu simu ikatoka Migori. Wamama Wasabato wa upande wa Awendo wana kongamano lao Jumamosi. Kabla hajaweka simu chini, ikalia tena, Homa Bay. Hao ni Mothers' Union wa Anglikana, wanamtaka Jumapili. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Wakristo walikosana kuhusu siku ya ibada. Walikuwa wanagawana wikendi yangu.

"Na mafuta?" nikauliza.

"Baba Mutua, hii ni huduma."

Jirani, ukisikia neno huduma, shika mfuko wako.

Ijumaa tukatoka Nairobi jogoo wakiwa bado wanakoroma. Mai Mahiu, Narok, Bomet, Sotik, Kisii. Narok nilitaka kusimama nyama kidogo, mtu wa watu nina njaa. Nikakatazwa. Eti lazima tufike kabla jua halijazama, Sabato inaanza. Inaanza vipi na leo ni Ijumaa? Nikaangaliwa vile unaangaliwa ukiuliza bei ya kitu kanisani. Kumbe ya Wasabato inaanza Ijumaa jioni jua likizama na kuisha Jumamosi jioni. Mimi nimeishi mtaa mmoja na Wasabato miaka mingi, nilidhani Ijumaa wanalala mapema tu.

Kutoka Rongo kwenda Awendo tukawekwa nyuma ya trekta la miwa. Huko ni nyumbani kwa kiwanda cha sukari cha Sony, na trela la miwa halina haraka na mtu. Kupita huwezi, mbele kuna lingine. Watoto wanatoka kando ya barabara, wanachomoa muwa nyuma ya trela, wanautafuna, wanatupita kwa miguu. Mmoja akanipungia mkono. Wa kushoto, wa kulia ulikuwa na muwa.

Tukafika jua likichungulia kwa mara ya mwisho. Mwenyeji wetu ni mwalimu mstaafu, mama mpole, nyumba inang'aa. Jiko lilishazimwa. Chakula cha kesho kimeshapikwa, nguo zimeshapigwa pasi, viatu vimepangwa mlangoni. Nikasema wacha nikimbie dukani ninunue kredo. Duka gani? Zote chini. Sawa. Nikaketi, nikangoja kitu kimoja tu maishani mwangu, chai. Tangu asubuhi sijaonja chai, na kutwa nzima tumepita katikati ya mashamba ya chai, Sotik hadi Kisii, kijani mpaka macho yanauma.

Mama akaleta thamosi. Nikamimina. Rangi ya chai. Moshi wa chai. Nikavuta moja refu, lile la kufunga macho.

Soya.

Unga wa soya uliokaangwa, maziwa, tangawizi. Majani ya chai hakuna, kahawa ndiyo usiitaje. Mwalimu akanieleza kwa upole kwamba Wasabato waliingia upande huu mwaka wa 1906, pale Gendia karibu na Kendu Bay. Walioanzisha ni mmishonari kwa jina Arthur Carscallen, na Peter Nyambo, Mwafrika kutoka nchi ambayo leo ni Malawi. Mwaka wa 1913 wakafungua misheni ya Kamagambo, hapo tu tulipopita. Nikahesabu. Zaidi ya miaka mia moja, na kwa nyumba hii hakuna aliyeona haja ya majani ya Ketepa. Kichwa kilikuwa kinanigonga kwa ndani, nikasema tamu sana, nikaongezwa.

"Baba Mutua anapenda samaki gani?" Mwalimu akauliza.

Mimi ni mtu wa Mwala. Kwetu samaki ni habari. Lakini sikutaka kuonekana mshamba, nikataja majina niliyoyasikia kwa kibanda cha Gikomba. "Mumi," nikasema. "Ama kamongo."

Kimya. Saa ya ukutani ikasikika. Mama Mutua akanifinya chini ya meza, pale pale anapofinyaga. Kumbe kuna Mambo ya Walawi, sura ya 11, samaki asiye na mapezi na magamba haliwi. Mumi ana ndevu, magamba hana. Kamongo naye kwa wazee wa hapa ana kesi yake. Mwalimu akatabasamu. "Hapa tunakula ngege, baba." Nikaonekana mtu aliyetembea kilomita zaidi ya mia tatu kuja kuagiza nguruwe.

Asubuhi kanisani nikafika getini nimebeba mkoba wa Sista, mkoba wa mashine ya presha, projekta, na mfuko ambao mpaka leo sijui ulikuwa na nini lakini ulikuwa mzito. Msichana wa kupokea wageni, ana utepe begani, akanisimamisha. "Baba, wanaume wanapitia upande wa jikoni."

"Mimi ni mume wa mgeni."

"Aah! Dereva. Karibu."

Nikapewa kiti cha nyuma kabisa, katikati ya spika na mama mwenye mtoto. Wimbo wa kwanza ukaanza, mama akainuka kuimba, nikapewa mtoto nishike. Wimbo wa pili, jirani yake naye akaona hapa kuna mapaja wazi. Kufikia maombi ya ufunguzi niko na watoto wawili na chupa ya uji. Mimi ni mtu wa heshima, niko na fundi wawili chini yangu kazini. Hakuna aliyeuliza.

Sista akaitwa. Makofi. Vigelegele. Kando yake mkalimani wa Kijaluo, mama mnene mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Mama Mutua akaanza na presha. Presha haibishi hodi, akasema. Unaweza kuwa nayo miaka na huumwi popote, ndiyo maana hungoji kichwa kiume, unapimwa. Nzuri ni kama 120 kwa 80. Ikifika 140 kwa 90 na ikae hapo kila ukipimwa, hiyo ni ugonjwa. Sawa. Maneno mazuri. Nilikuwa naitikia Amina huko nyuma na watoto wangu.

"Sasa nahitaji mtu mmoja wa kujitolea."

Hakuna aliyejitolea. Ukumbi mzima wa wamama, wote ghafla wanatafuta kitu kwa mikoba. Akainua macho akanitafuta mimi. Kwa nyumba yetu macho hayo maana yake ni takataka haijatolewa. Watoto wakachukuliwa mikononi mwangu haraka, utadhani mpango ulifanywa jana.

Nikaketishwa mbele. Koti vua. Mkono wa shati haupandi, shati lilinunuliwa mwaka ule nilipokuwa mwembamba, basi ikabidi nifungue vifungo. Fulana ya ndani ikaonekana. Fulana hiyo ina tundu kwa kwapa na mwenye kuifua anaijua. Kile kitambaa cha mashine kikafungwa, hakikufika. Kikafunguliwa, kikavutwa, kikafika kwa shida. Mashine ikanguruma. Ukumbi ukanyamaza. Ikabana mpaka vidole vikaanza kusahau kazi yao. Ikapumua. Mama Mutua akainama, akasoma, na jirani, angeweza kuninong'oneza. Tumeoana kanisani. Akachukua maiki.

"Mia moja sitini na nane, kwa mia moja na mbili."

"Yawa!" ukumbi ukaitikia. Wote. Na ilikuwa haijatafsiriwa.

Nikadhani imeisha. Akatoa utepe wa fundi cherehani. Kiuno cha mwanaume kikipita sentimita 94, hatari inaanza kuingia, akawaeleza, kisha akanizungusha. Utepe ukasoma 111. Mama wa mstari wa mbele akaondoa miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Sista akasema sentensi moja fupi tu kuhusu chumvi na chapati. Mkalimani akaitafsiri kwa dakika nzima, akinionyesha kwa mkono, mara tumbo, mara shingo, na wamama wakacheka mpaka wengine wakashikana. Kuna kitu yule mama aliongeza. Nimeuliza wengi. Hakuna anayetaka kuniambia.

Wakaniombea. Wakaniwekea mikono. Halafu mwenyekiti, kwa moyo mzuri kabisa, akasema baba wetu pekee atoe neno. Nikashika maiki. Nilikuwa nimepanga mambo ya ndoa, mistari miwili mitatu ya Biblia. Nikasema, "Mimi ni mzima." Wakaangua kicheko. Nikaketi. Hiyo ndiyo hotuba yangu ya kwanza Nyanza.

Sasa, kitu kizuri cha Sabato ni kwamba simu zimezimwa. Nikajipa moyo kwamba aibu ya Awendo itazikwa Awendo. Jua likazama, tukaagana, tukarudi Rongo, tukakata kushoto kuelekea Homa Bay. Ni njia fupi. Lakini jua likizama simu zinawashwa, na wamama wana WhatsApp. Wasabato wana dada zao Waanglikana, Waanglikana wana mashemeji Wasabato, na habari haikuwa na trela la miwa mbele yake. Mwenyeji wa Homa Bay akatupokea getini na tochi. Akammulika Sista, akamkumbatia. Akanimulika mimi, kuanzia tumboni.

"Huyu ndiye wa presha?"

Mezani, ngege mzima, amelala na macho wazi, ugali, osuga kwa bakuli. Na kichupa cha chumvi. Mkono wangu ukatoka kidogo tu. Mama akakichukua kichupa, hakusema kitu, akakiweka juu ya kabati, juu kabisa, nyuma ya picha ya arusi. Nikaonja samaki. Hata kwa kupika chumvi haikuwekwa. Nikajaribu kusema nimeshiba. Hapo nikasimuliwa Simbi Nyaima, lile ziwa dogo karibu na Kendu Bay. Zamani palikuwa kijiji. Ajuza akaja usiku, ana njaa, kijiji kikamfukuza, mwanamke mmoja tu ndiye aliyemkaribisha. Mvua ikaja, kijiji kikazama chote na watu wake. Nikauliza sasa hiyo inanihusu vipi mimi ninayekula. Nikaambiwa hapa mgeni halali njaa, maliza upande wa pili.

Saa kumi na moja alfajiri mlango ukagongwa. Nikajua ni chai. Walikuwa wamama wanne wamevaa raba. Mtu wa presha anatembea, wakasema, na hapa tuna Got Asego. Ni kile kilima kirefu kilichosimama nyuma ya mji, watu wanakipanda kwa mazoezi, wengine kwa maombi. Mimi nguo ya mazoezi niliyobeba ni moja, jezi ya AFC Leopards. Tulia hapo kidogo, jirani. Nimevaa jezi ya Ingwe, Homa Bay, kaunti ambayo Gor Mahia mwenyewe, yule mganga wa zamani ambaye klabu hasimu ya Ingwe ilichukua jina lake, alitoka upande wa Ndhiwa. Kijana wa bodaboda aliyekuwa anapiga gari brashi akaacha kazi, akaita wenzake waje waone.

Tukapanda. Wamama wanapanda na wanaongea chama, nani hajalipa, nani alikopa akahamia Mbita. Mimi hata salamu siwezi kujibu. Kuna nyanya mwenye fimbo alinipita, akafika, akaomba, akateremka, akanikuta pale aliponiacha. "Pole, mwanangu," akasema. Wanasema kutoka juu unaona ghuba yote ya Winam na mitumbwi ya omena inarudi. Mimi niliona visigino vya aliyekuwa mbele.

Kanisani Jumapili sikuitwa kupimwa, walikuwa na matokeo. Vitambaa vya bluu kila pahali, na mimi nilikuwa nimevaa ile jezi, nayo ya bluu, chini ya koti kwa kukosa shati kavu, mama mmoja akauliza kama wanaume nao wameanza kuingizwa. Mwenyekiti akasimulia kwamba Mothers' Union ilianzishwa Uingereza mwaka wa 1876 na mke wa kasisi, Mary Sumner, na kwamba kwa mkutano wa kwanza woga ulimshika asiweze kuongea, akawaambia warudi wiki ijayo. Nilipenda huyo mama. Nikataka kujua mumewe alikuwa wapi siku hiyo, kama alikuwa ameshika mkoba. Haikusemwa. Ya baba hayaandikwi. Nilipomnong'onezea jirani yangu kwamba hapa wanaume hatusikiki, akanikumbusha bila kugeuza shingo kwamba tangu 2022 gavana wa Homa Bay ni Gladys Wanga. Nikanyamaza.

Kuagana, Sista akapewa bahasha, kitenge na jogoo. Jogoo nikakabidhiwa mimi nimshike. Nami nikapewa zawadi yangu rasmi, kwa jina langu, mbele ya watu, imetumwa kutoka Awendo kwa bodaboda. Kilo mbili za unga wa soya.

Presha imeshuka, sikatai. Jana imesoma 138 kwa 86. Lakini chumvi bado imefichwa, shati bado halifungi, na Agosti ameitwa Kehancha. Kama unamjua mtu anayeenda upande wa Isebania na ana nafasi ya mama mmoja na mashine, anipigie. Mafuta nitalipa mimi.