Tairi Lisilojua Kufa

Shemeji yangu kaagiza gari la Kijerumani, mtumba kutoka Japani, na tangu literemke bandarini hatupumui. Eti matairi yake hayaogopi pancha! Ubavu umeshindiliwa mpira mgumu. Upepo ukiisha, tairi halilali, linakusogeza kilomita 80 hivi, mradi usizidi mwendo wa 80 kwa saa. Ndiyo maana kwenye buti hamna spea wala jeki. Ugumu huohuo, lakini, ndio unaomfanya ahesabu kila tuta kwa kiuno (hilo hasimulii).

Hongera, shemeji. Ila kwa Mjerumani kilomita 80 zina gereji kadhaa, pengine na kahawa ya bure. Morogoro hadi Dodoma ni zaidi ya 250, na kijana wa pancha chini ya mwembe akiambiwa tairi limetembea bila upepo, anarudisha gundi yake mfukoni. Hilo ni la kutupa. Jipya? Dar, labda.

Juzi tulimkuta Gairo, miwani ya jua usoni, anapungia mabasi. Nikamwambia, "Shem, nikuazime spea ya Corolla?"

Akanuna. Kweli haiingii, matundu ya nati hayalingani.