Raundi Moja Uani Tabaka

Mabakuli yalikuwa 120, na Jumatatu asubuhi gari la mnunuzi lingekuja kuyachukua. Yalipangwa juu ya mbao mbili ndefu bandani, yamekwisha kupigwa msasa na kupakwa nta, meupe mbele, ya waridi nyuma, yakingoja kufungwa kwa magazeti na majani makavu ya mgomba. Hapa Tabaka mume wangu na ndugu zake huchonga mawe ya sabuni kwa panga na tupa, nasi wanawake hukaa na mabeseni ya maji tukisugua hadi ncha za vidole zinanyauka. Naanza na mabakuli kwa sababu siku ile wote waliyasahau, na mimi niliyeyakumbuka sikusema.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024. Binti wa kaka yangu alikuwa amefika jana yake kutoka kwetu Nyamira, amebeba majani ya chai na furushi la mboga ya chinsaga alilopewa na mama. Huyu binti hufanya mazoezi ya ndondi Nairobi, mwaka wa sita sasa. Ana kilo 55, uzito ule ule aliopigania Fatuma Zarika alipomshinda Alicia Ashley huko Marekani mwaka 2016 na kurudi Kenya na mkanda wa dunia wa WBC. Nilipoambiwa kwamba ameichagua kazi hiyo, nilikosa usingizi. Nilimwaza Robert Wangila. Aliyetupatia dhahabu ya Olimpiki kule Seoul mwaka 1988 ndiye aliyekufa Las Vegas mwaka 1994, siku mbili baada ya pambano, akiwa na miaka 26. Kama ulingo ulimuua Wangila, mtoto wa kaka yangu ni nani?

Asubuhi hiyo shemeji yangu mdogo, mwenye bodaboda, alikuwa ameegemeza simu yake kwenye birika la chai, na nyumba nzima imeizunguka. Mike Tyson, miaka 58, alikuwa anapigana na Jake Paul, kijana wa miaka 27. Raundi 8 za dakika mbili mbili. Picha ilikwama, ikarudi, ikakwama tena. Mwishowe Paul akashinda kwa pointi, na hesabu zilipotoka tukasikia kwamba Tyson alirusha ngumi 97, na zilizofika ni 18 tu.

"Kumi na nane!" shemeji akasema. "Mzee amekwisha. Hata mimi ningesimama naye."

Shemeji mkubwa aliunga mkono. Yeye hubeba mawe kutoka machimboni, na hakuna shimo huku ambamo hajatoka na jiwe begani. Alisema mtu akizoea uzito namna ile hana haja ya kufundishwa kupiga. Binti yangu wa kidato cha tatu akakumbuka habari aliyoisoma, kwamba mwaka 2019 waliulizwa wanaume wa Uingereza, na mmoja katika kila 8 akasema angeweza kumnyang'anya Serena Williams walau pointi moja. Shemeji mdogo akasema hao walijibu kweli, pointi moja si kitu.

Mgeni wetu alikuwa akinywa uji wa wimbi, kimya. Akaweka kikombe chini. "Baba mdogo, zile kumi na nane, moja tu ingekutosha."

Hakusema kwa kiburi. Alisema kama mtu anayekuonya kwamba njia ya mbele ina utelezi. Lakini wanaume walikwisha kusikia walichosikia, wakataka ajaribiwe palepale. Yeye akakataa kumpiga mtu asiye na glavu wala kinga ya mdomo. Akasema, "Niguse bega. Raundi moja, dakika 3. Ukiligusa, umeshinda."

Wakatoka uani. Baba mkwe wangu, Omogaka, alikuwa ameketi kwenye kigoda chake chini ya mparachichi. Kwa ensoni, mwiko wa heshima wa Kigusii, haingii nyumbani mwetu, na mimi mkaza mwana sipazi sauti mbele yake. Ndiyo maana nilipomwona binti wa kaka yangu anakunja miguu ya suruali, na nyuma yake, hatua nne hivi, zile mbao mbili, maneno yaliishia kooni. Ningeweza kumtuma mtoto amnong'oneze baba yake. Sikumtuma. Hilo ni langu.

Shemeji mdogo alianza. Nilitarajia kuona mbio, kumbe yule binti hakukimbia hata kidogo. Alisogea shibiri, mara nyingine chini ya shibiri, na mkono wa shemeji ukapita mahali bega lilipokuwa. Kidevu amekishusha, macho yapo kifuani mwa mwenzake, wala hayapo mikononi. Baadaye aliniambia kwamba mkono hauendi popote kabla kifua hakijageuka, na asiyefundishwa hugeuza kifua mapema, kana kwamba anabisha hodi. Ilipotimu dakika moja na nusu shemeji alikuwa anahema mdomo wazi. Hakuwa ameguswa na mtu. Alikuwa amejibana misuli yote na kushika pumzi tangu mwanzo, ndivyo tunavyofanya sote tusiozoea.

Hapo ndipo shemeji mkubwa, bila kuitwa, alipoingia naye. Wawili wakamvamia pamoja kutoka pande mbili, vichwa chini. Binti akazungusha mguu wa nyuma, akatoka katikati yao kama mlango unavyofunguka, nao wakapita.

Jiwe la sabuni ni laini, mtoto hulikwaruza kwa ukucha. Likianguka juu ya jiwe lenzake halina huruma. Tulipomaliza kuhesabu, mabakuli 47 yalikuwa yamevunjika au yamepasuka ukingo, na kifundo cha mkono wa shemeji mkubwa kilikuwa kimevimba. Yule binti alikuwa wa kwanza kupiga magoti. Alimshika mkono mkubwa ule akaupapasa taratibu, akimwuliza panauma wapi, na machozi yanamtiririka.

Mume wangu hakugomba. Alisimama mbele ya vipande muda mrefu. Kisha Omogaka akasema kitu ambacho nimekitafakari tangu siku ile. Aliwauliza wanawe kama kuna jirani yeyote aliyewahi kuja hapa akasema angeweza kuchonga kama wao bila kufundishwa. Wakanyamaza. Elkana Ong'esa ni mtu wa Tabaka, na ndege wake wa amani amesimama Paris kwenye makao ya UNESCO. Sote tunalijua hilo, wala hakuna anayedai angemchonga yule ndege, kwa kuwa tumeona miaka inayoingia katika mkono. "Lakini ngumi," akasema mzee, "kila mtu amezaliwa nazo mbili." Akatukumbusha ebisarate, zile kambi za ng'ombe ambako vijana wa Kigusii walikaa mbali na mama zao wakijifunza kupigana na kulinda mifugo, hadi Waingereza walipozivunja. Babu zetu hawakuamini kwamba mtu anakuwa askari kwa kuwa na kifua kipana.

Tukafanya kazi usiku huo, na Jumapili baada ya kanisa tukaendelea hadi taa zikawaka tena. Mume wangu na mdogo wake walichonga, mimi na binti yangu tukasugua. Mgeni wetu alikataa kwenda kulala. Msasa wa kwanza aliusukuma kwa nguvu mno akala ukingo wa bakuli zima, na shemeji mkubwa, mkono umefungwa kitambaa, akasogeza kiti karibu yake akamwonyesha kwa mkono wa kushoto: maji kwanza, kisha mduara mdogo, jiwe lenyewe litakuambia. Walikaa hivyo mpaka saa saba za usiku.

Jumatatu gari lilipofika tulikuwa na mabakuli 112. Mnunuzi alikata bei ya manane yaliyopungua, akaondoka.

Mgeni wetu alipokuwa anafunga begi arudi Nyamira, Omogaka alimwita kwa ishara ya fimbo. Nilikuwa naanika nguo, nikasikia anamwomba amwonyeshe tena ule mguu wa nyuma. Binti akaonyesha, polepole. Mzee akainuka kigodani, akaegemeza fimbo kwenye mparachichi, akaweka kisigino chake mavumbini na kuanza kukizungusha. Binti wa kaka yangu alikuwa amenyoosha mikono yote miwili karibu na kiuno chake bila kumgusa, tayari kumdaka.