Jiwe Haliulizi Umeanza Lini

Kuna mtu ambaye ukimwambia avae helmeti anakujibu kwa hesabu ya miaka. Umeshakutana naye kwenye bodaboda: helmeti imening'inia kwenye usukani inakula upepo, na ukimuuliza kulikoni anakwambia, "Mimi niko barabarani tangu 2011." Kana kwamba lori la mchanga litapunguza mwendo limuulize kwanza aliingia kazini lini.

Nilidhani ugonjwa huu ni wa lami peke yake. Kumbe umekwea hadi mawe.

Nina mpwa, mtoto wa dada yangu, kijana mwenye kazi nzuri na nyumba ya ghorofa yenye ngazi. Ngazi hizo hazimtoshi. Ikifika Jumamosi anataka ukuta wa mawe, aukwee kwa ncha za vidole, na hayuko peke yake. Vijana wa Nairobi siku hizi wanakwenda Lukenya, kando ya barabara ya Mombasa ukishapita Athi River, au wanateremka Naivasha hadi Hell's Gate, ambako kuna jabali liitwalo Fischer's Tower, lenye urefu wa mita 25 hivi. Wenyeji wa jabali hilo ni pimbi, ambao hukwea bila kamba, bila chaki na bila kupiga picha.

Mimi huitwa kwenye safari hizo kulinda mikoba na kuchoma nyama. Silalamiki. Haya, ninalalamika: mchoma nyama hukaa chini ya mwamba, na chini ya mwamba ndiko kila kitu kinakoangukia. Kwa hiyo suala la helmeti linanihusu kuliko wanavyodhani.

Juzi tulikuwa kwenye kilima fulani ambacho sitakitaja, maana wenyewe husoma magazeti. Kiongozi wa msafara, bwana mmoja mkongwe, mikono imekomaa kwa mawe, aliwapanga wageni akawagawia helmeti. Akamkagua kila mmoja, akavuta mikanda ya kidevuni, akamkemea msichana mmoja aliyeivaa kisogoni. Nikampenda. Kisha akageuka, akatoa kepu ya kitambaa, akaipachika kichwani mwake tayari kwa kazi. Helmeti yake, nyekundu, ya bei mbaya, ilikuwa imefungwa nyuma ya mkoba ikilinda chupa ya maji.

"Mzee, na wewe je?" nikamuuliza.

"Ah, bwana, mimi huu mwamba naujua. Miaka kumi na saba naukwea."

"Na wenyewe unakujua?"

Wakacheka. Mpwa wangu hakucheka. "Mjomba," akaninong'oneza, "unaniaibisha."

Sasa nieleze ninachoelewa, kwa sababu mtu akikaa chini ya miamba miaka mingi akipuliza mkaa hujifunza mengi. Jiwe huanguka kwa sababu zake lenyewe. Mchana jua linalitanua, usiku baridi inalibana, mvua inaosha udongo uliolishikilia, mzizi unapanua ufa. Au kamba iliyotangulia inaburuzwa kwenye ukingo na kukomba kokoto zote zilizotulia hapo. Au nyani anapita juu akiwa na shughuli zake. Au mwenzako anaponyokwa na kulabu ya chuma. Niambie, katika hayo yote, ni wapi panapoulizwa kama wewe ni mwanafunzi au mwalimu?

Sikatai, uzoefu ni mali. Mkongwe hugonga jiwe kwa konzi kabla ya kulining'inia, akisikia limelia mvungu analiacha. Anajua kupaza sauti "Jiwe!" kabla halijafika, na wa chini anajua kujibana ukutani badala ya kuinua uso kutazama linatoka wapi. Mkwezi wa minazi kule pwani hahitaji kufundishwa na mtu kwamba chini ya mnazi si mahali pa kusimama. Lakini sehemu kubwa ya hekima hiyo inamsaidia mtu asiliangushe jiwe yeye. Lililoangushwa na nyani halina habari nayo.

Halafu kuna jambo ambalo wakongwe hawapendi kulisikia. Uzoefu haumkalishi mtu mahali salama, unamwondoa. Mgeni anaishia kwenye mita zake 25, kamba imefungwa juu, nyama inanukia chini. Mzoefu anauona mwamba huo wa kitoto, anakwenda zake Mlima Kenya kutafuta Batian, mita 5,199, kilele ambacho Halford Mackinder alikifikia mwaka 1899 akiwa na waongoza milima wawili wa Alps, Ollier na Brocherel. Na mlima huo barafu yake inazidi kuyeyuka mwaka hadi mwaka, na barafu ndiyo iliyokuwa ikiyashikilia baadhi ya mawe hayo. Unaujua mlima wa miaka kumi na saba iliyopita. Wa leo ni mwingine.

Ukitaka kujua uzoefu unavyoweza kumgeuka mwenyewe, msikilize Lynn Hill, Mmarekani. Mwaka 1989 alikuwa miongoni mwa wakwezi bora duniani, wanaume na wanawake pamoja. Akaenda Buoux, Ufaransa, akaanza na njia nyepesi ya kupasha mwili moto. Akapitisha kamba kwenye mkanda wake wa kiunoni, na kabla hajamaliza kufunga fundo akakatizwa na viatu na mazungumzo. Koti likafunika mahali penyewe. Akakwea hadi mwisho bila taabu, kwa sababu alikuwa hodari, akajiachia nyuma ateremshwe, kamba ikachomoka. Alianguka zaidi ya mita 20. Matawi ya mti yalimpokea, akatoka na kiwiko kilichoteguka na mguu uliovunjika, na mwaka 1993 akawa mtu wa kwanza kuikwea njia ya The Nose kwenye jabali la El Capitan, Yosemite, Marekani, kwa mikono na miguu tu, kamba ikiwa ya kumdaka na si ya kumvuta. Hebu fikiri: mgeni asingefika juu. Mgeni angeliangalia fundo lake mara nne, angemwita mwalimu aliangalie mara ya tano, kisha angeomba kwenda haja ndogo. Wahenga walishasema: mwanamaji wa Kwale, kufa maji mazoea.

Mwenzake, Todd Skinner, hakupata mti. Oktoba 2006 alianguka Yosemite baada ya kitanzi cha mkanda wake kukatika. Mkanda ulikuwa umechakaa, na yeye alijua. Alikuwa ameshaagiza mpya.

Nikifika hapa, mpwa wangu hunitolea Alex Honnold. "Mjomba, yule alikwea El Capitan yote mwaka 2017, saa nne kasoro dakika chache, hana helmeti!" Kweli. Hakuwa na kamba pia. Kwa mtu atakayeanguka mamia ya mita, helmeti ingesaidia kitu gani? Labda kuokotwa. Huyo si mfano wa kukwea bila helmeti, ni shughuli nyingine kabisa, na anayemtaja ili aache kofia yake mkobani aache na kamba tuone. Tena Honnold huyohuyo, mwaka mmoja kabla, aliumia mgongo Marekani akiwa na kamba, kwenye njia ya kawaida, kwa sababu kamba ilikuwa fupi na hakuna aliyefunga fundo mwishoni. Ikaisha mikononi mwa aliyekuwa akimteremsha.

Kuna mahali ninakubali kushindwa. Kwenye kuta za plastiki za ndani, na hata kwenye Olimpiki, wakwezi wako vichwa wazi, na hakuna ubaya: hakuna kinachodondoka, ila jasho. Nakubali pia malalamiko ya akina dada wenye rasta na misuko mikubwa. Helmeti nyingi zimeundwa na watu ambao hawajawahi kukaa saluni saa sita, na kosa hilo ni la viwanda, si la kichwa.

Lakini joto? Uzito? Helmeti nyepesi ya kukwea haifiki gramu 300. Ile simu yako na betri yake ya akiba vinazidi hapo, na umevibeba hadi juu upige picha. Zinazofuata kiwango cha Ulaya, EN 12492, hujaribiwa kwa kuangushiwa uzito wa kilo 5 kutoka mita 2. Hazitazuia gogo la mwamba lenye ukubwa wa friji, wala hakuna aliyedai hivyo. Zinazuia kokoto, kulabu, na kile kisogo kinachogonga ukuta pale mtu anapoteleza kamba ikiwa imepita nyuma ya mguu wake, ikambinua miguu juu. Mzoefu naye huteleza. Kwa pikipiki hesabu ilishapigwa: uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69 na ya kufa kwa asilimia 42. Sikuona humo safu ya miaka ya uzoefu.

Nilimpa mkongwe wetu maelezo haya yote nikigeuza mbavu. Alinisikiliza kwa adabu, akamaliza kutafuna, akasema, "Bwana, ajali haina kinga."

Kinga ipo, nikamwambia. Umeifunga kwenye mkoba.

Mbaya zaidi ni funzo analowapa vijana bila kufungua mdomo. Anapowavisha wao na kujivua yeye, wanaelewa kwamba helmeti ni nguo ya wanafunzi, kama sare ya shule, na siku ya kufuzu ni siku ya kuitupa. Mpwa wangu ameshaanza. Safari iliyopita aliivua "kidogo tu" apate hewa, akasahau kuirudisha hadi tukafika kwenye gari.

Basi, mzee wangu wa miaka kumi na saba, vaa. Ukivaa wewe, hao wengine hawatahitaji kukemewa. Nawe unayeshika kamba chini ukitazama juu kinywa wazi, vaa kabla ya anayekwea, maana jiwe analoliangusha yeye linamwacha nyuma, wewe linakujia. Na kama mkobani imebaki moja ya ziada, mleteeni mchoma nyama.