Sifa za Dirisha Lisilofungika

Wanaoandika habari za Mji Mkongwe wa Unguja wamekuwa wakarimu kwa mlango na wachoyo kwa dirisha. Mlango wa Zanzibar, pamoja na nakshi na njumu zake za shaba, umeelezwa na kupigwa picha pasipo kikomo, ilhali dirisha la mbao lililo hatua chache kutoka hapo, lililoinama upande, likabanduka rangi na lisifungike sawasawa tangu bwana wa nyumba akiwa mtoto, hutajwa tu siku linapoingizwa katika orodha ya vitu vya kung'olewa. Dhuluma hiyo inastahili kurekebishwa kabla fundi hajafika na tindo yake.

Fadhila yake ya kwanza ni elimu ya hali ya hewa. Mbao hufyonza unyevu na kuvimba, lakini huvimba zaidi kwa upana, yaani kukatisha nyuzi za mti, na kwa urefu mabadiliko ni madogo mno. Kwa hiyo masika yanapoingia, mbawa za dirisha, yaani vile vipande viwili vinavyoshikwa na bawaba, hupanuka ndani ya fremu isiyokuwa na pa kusogea, na dirisha hukwama likiwa nusu wazi saa ileile mvua inapokuja na upepo. Kaskazi ikivuma na jua likiwaka, mbao zizo hizo hunywea na kuacha nyufa zinazopitisha vumbi, mbu na maneno ya jirani. Maabara nazo zina kifaa cha kupimia unyevu wa hewa, lakini hakijapata kumlazimisha mtu kusoma vipimo vyake kwa kulowana godoro.

Fadhila ya pili ni usalama, ingawa wauzaji wa madirisha mapya hudai kuwa huo ni wao. Bawaba iliyoliwa na chumvi ya bahari hulia kilio cha kuamsha mtaa, na mwizi anayetaka kulifungua dirisha la namna hiyo hana budi kwanza ajue siri yake, yaani kulinyanyua kidogo, kulisukuma kwa goti na kulitaka radhi, siri ambayo hata wakwe hawajafundishwa. Mchwa nao, kwa kuwa hukimbia mwanga na hewa kavu, hula moyo wa ubao na kuuacha uso wa nje na rangi yake, adabu ambayo wageni wengi hawana, na mwenye nyumba huendelea kuapa kuwa dirisha lake ni zima hadi siku kidole kinapozama ndani.

Hata hivyo utukufu wake hudhihirika siku ya kung'olewa. Fremu yake ilijengewa ndani ya ukuta mnene wa mawe ya matumbawe na chokaa, hivyo fundi anapoivuta, plasta huifuata, na nyuma ya plasta hufichuka tundu ambalo upana wake wa juu haulingani na wa chini na ambalo halina hata pembe moja ya mraba. Seremala wa zamani alilichonga dirisha kwa kuufuata upotovu huo, nalo likausitiri kwa uaminifu miaka yote. Dirisha la aluminiamu, ambalo hukatwa kwa pembe za mraba, halijui kusitiri, na mapengo yake huzibwa kwa saruji. Saruji ni ngumu kuliko chokaa na haipitishi unyevu kwa wepesi kama chokaa, kwa hiyo unyevu uliozoea kutoka ukutani taratibu hutafuta njia nyingine, na chumvi huchanua pembeni mwa dirisha jipya. Tena, kwa kuwa Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000 na sura ya majengo yake haibadilishwi bila kibali, mtu ambaye hakuwahi kuuwazia ulimwengu hujikuta akitembea na michoro ya nyumba yake kwapani.

Si haki kulinyima dirisha jipya sifa zake, ambazo ni chache na za kuchosha: hufungika, halivuji, halilii. Vioo vyake viwili hupishana juu ya reli, kwa hiyo nusu ya tundu hubaki imefunikwa daima, na dirisha la upana wa sentimita 150 hupitisha upepo wa sentimita 75, wakati lile la zamani lilifunguka lote na, likifungwa (lilipokubali), vibao vyake vya mshazari vilizuia jua na kuukaribisha kusi. Aluminiamu yenyewe hupitisha joto mara zaidi ya 1,000 kuliko mbao. Basi hununuliwa kiyoyozi, na kiyoyozi hakitaki dirisha liwe wazi, na hapo dirisha jipya hufikia kilele cha ufanisi wake, kwani limefungika vizuri kiasi cha kutofunguliwa tena.

Ama dirisha kongwe, halitupwi. Likikosa bahati huziba banda la kuku. Likibahatika hununuliwa na muuza vitu vya kale, likapigwa msasa kwa kiasi kisichoondoa uzee wake, likatiwa kioo cha kujitazamia mahali palipokuwa pa upepo na kutundikwa katika ukumbi wa hoteli, ambako halitakiwi kufunguka wala kufungika na ambako wageni hulisifia nyufa zilezile zilizolifukuzisha nyumbani. Mwenye nyumba akiisikia bei yake, hurudi mbio kuyatazama yale ambayo fundi hajayafikia.