Mteja Ni Mfalme: Mpe Nyota Acheze

Bosi, hongera. Programu yako iko sokoni, watu wanaipakua, na sasa wanataka kukwambia wanavyoiona. Usitishike. Maoni ni kama mvua: ukiwa na mwavuli mzuri, unapita katikati yake na suti yako kavu.

1. Chagua saa. Omba nyota mteja anapokuwa na raha: muamala umepita, tiki ya kijani imewaka, meseji imeingia. Hapo hapo mrushie kisanduku. Kile cha Apple kwenye iPhone kinaruhusiwa kutokea mara 3 tu kwa siku 365, kwa hiyo usikipoteze kwa mtu ambaye programu imemgandia kaunta huku foleni nyuma yake inaguna.

2. Weka milango miwili. Uliza kwa upole: "Unaifurahia?" Akisema ndiyo, mpeleke akamwage nyota hadharani. Akisema hapana, mpe fomu ya maswali 14 inayoishia kwenye barua pepe ambayo nywila yake aliondoka nayo yule kijana wa fildi. Google hawataki umtangulizie mteja swali kabla ya nyota. Wewe liite salamu.

3. Hesabu nyota, usisome maneno. Hapa ndipo mafundi wanapojulikana. Wateja wameshakuwa wajanja. Wanajua mwenye nyota moja hajibiwi. Basi mama anaandika: "Nimewapa nyota tano ili muione hii. Nimelipa ada ya mtoto, hela imekatwa, shule hawajaipata, leo siku ya nne." Umeona nini? Nyota tano! Mjibu ndani ya saa moja, maana kasi ya kujibu nayo ina chati yake: "Asante mpendwa mteja kwa kutuamini. Maoni yako ni ya thamani sana kwetu." Malizia na ua. Bila ua utaonekana huna utu. Akirudi siku ya sita, mtumie jibu lile lile, badilisha ua.

4. Wapigishe kura, lakini iwe ya rangi ya kitufe. Mwaka 2016 Baraza la Utafiti wa Mazingira la Uingereza, NERC, liliwaachia watu wapendekeze jina la meli mpya. Wakaja na Boaty McBoatface, likaongoza kwa kura. Wakubwa hawakugombana na mtu: meli ikaitwa Sir David Attenborough, jina la wananchi likapewa kinyambizi kidogo kinachojiendesha chenyewe. Wewe pia tafuta kinyambizi chako mapema.

5. Yasikukute ya M-Pesa. Wale walianza majaribio Kenya mwaka 2005, nia yao watu warejeshe mikopo midogo kwa simu. Watu wakaona hapa pana njia ya kutumiana hela wao kwa wao. Badala ya kuwarekebisha wateja, watengenezaji wakaurekebisha mpango, na mwaka 2007 huduma ikazinduliwa kwa ajili ya kutuma pesa nyumbani. Jiweke mahali pao: umeshalala na wazo lako miaka, umeshaligawia kamati, halafu mkopaji wa Thika akusahihishe!

6. Mwisho wa mwezi, weka wastani wa nyota kwenye slaidi, herufi kubwa. Yule mama wa ada atakuwa ameshaifuta programu. Kwenye slaidi inayofuata andika: malalamiko yamepungua.