Moshi kwenye lesi ya harusi

Moshi niliugundua kwenye gauni. Lilikuwa gauni la lesi nyeupe la mama wa bibi harusi, limening'inia kwenye mlango wa chumba changu cha kushonea. Nilipolishika nimalizie pindo, vidole vikanuka kama vya mtu aliyetoka kubanika samaki. Nyuma yake zilipangwa sare tisa za kitenge. Nikazinusa moja baada ya nyingine. Zote zilinuka, na harusi ilikuwa Jumamosi, siku nne mbele.

Mambo yalianza Machi. Mume wangu, Baba Neema, ni mtumishi wa halmashauri hapa Morogoro, na mwaka huu anatimiza miaka 55, umri ambao sheria inamruhusu kustaafu kwa hiari. Akitaka anaweza kuendelea hadi 60, na hapo ni lazima. Mgongo wake umechoshwa na pikipiki ya kazini na barabara za vijijini, na moyo wake uko kijijini kwao Mkuyuni, kwenye migomba na midalasini aliyoachiwa na baba yake. Aliniambia, "Mama Neema, mimi sihitaji makubwa. Ugali, mboga, na asubuhi isiyo na simu ya bosi."

Nilimwelewa. Nimeishi naye miaka 27, hajawahi kuwa mtu wa makuu.

Tukachukua daftari tukapiga kikokotoo wenyewe. Idadi ya miezi uliyochangia inagawanywa kwa 580, kisha inazidishwa kwa wastani wa mshahara wa mwaka katika miaka mitatu iliyo bora. Yeye ana miezi 336, na mshahara wake ni milioni moja kwa mwezi. Tukapata kama milioni 6.95 kwa mwaka. Asilimia 40 ya hiyo inazidishwa kwa 12.5, ndiyo mkupuo: kama milioni 34.8. Asilimia 60 inayobaki inagawanywa kwa miezi 12, ndiyo pensheni: shilingi 347,000 na ushee. Mwaka 2023 mkupuo ungekuwa asilimia 33, kwa hiyo tulishukuru kwa hilo. Lakini macho yangu yaliganda kwenye ile 347,000, maana ndiyo ingetulisha kila siku mpaka mwisho wa maisha yetu.

Nikamwambia tuijaribu kabla haijafika. Miezi mitatu tuishi kwa 347,000, mshahara unaobaki uende benki usiguswe, na hela ya cherehani yangu iendelee kumsomesha mdogo wa Neema chuoni. Akakubali palepale. Tukapanga makopo matano juu ya kabati: unga, mboga, umeme na gesi, maji, nauli.

Mwezi wa kwanza ulikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Tulikula kunde, mlenda na dagaa wa Mwanza, na mchicha nikaotesha kwenye viroba nyuma ya bafu. Baba Neema alizima taa hata pale nilipokuwa bado natunga uzi. Tulijifunga kibwebwe kwa furaha, kama watu walioanza maisha upya.

Aprili ikaja na masika, na masika yakaja na watu. Jirani alifiwa, tukatoa rambirambi. Kadi za mchango wa harusi zikaingia tatu katika wiki moja. Kisha wifi yangu akaletwa kutoka Mkuyuni na mwanawe mgonjwa, wakakaa kwetu siku 19 wakienda hospitali na kurudi. Ningemwambia nini? Kwamba hana kopo lake kabatini? Nilimkorogea mtoto uji wa maziwa kila asubuhi, na sijutii hata kijiko kimoja. Ila gesi ilipoisha, kopo lake lilikuwa na shilingi 6,000, na kujaza mtungi mdogo tu ilikuwa 24,000.

Hapo ndipo Baba Neema alipokumbuka jiko la maranda la utoto wake. Alitafuta debe la rangi, akatoboa tundu chini ubavuni, akasimamisha chupa katikati. Tunduni akaingiza kipande cha bomba kikutane na chupa. Kisha akashindilia maranda kwa mchi, kidogo kidogo, akiyagonga mpaka yakakaza kama udongo wa ukuta. Mwisho akaizungusha chupa taratibu, akaichomoa, na lile bomba pia, likabaki shimo safi la kupitisha moto. Nilimtazama akiwa amechuchumaa, unga wa mbao umemjaa kwenye nyusi, na nikaona kijana niliyeolewa naye. Jiko likishika vizuri, maharage yanaiva na maji ya kuoga yanapata moto kwa mshindilio mmoja.

Lakini maranda yalitoka kwa seremala ambaye banda lake linavuja. Yalikuwa na unyevu. Mvua ikatulazimisha kuliweka jiko barazani, chini ya dirisha langu la kushonea. Halikuwaka, lilifuka, saa nne nzima, na sisi tulikuwa ndani tunamsikiliza wifi akitusimulia habari za nyumbani.

Sare nilizifua mara mbili, nikazianika kila mvua ilipopumua. Zilipona. Lesi haikupona, ilibaki na umanjano wa chai. Nikanunua nyingine kwa 60,000 za cherehani na kukesha siku mbili. Mama wa bibi harusi nilimweleza ukweli wote. Alinisikiliza, kisha akaniuliza mtoto wa wifi anaendeleaje.

Miezi mitatu ilipotimia tulifungua daftari. Chakula chetu wawili kilikuwa rahisi kuliko tulivyokisia. Rambirambi na michango ilikula 168,000, wageni 95,000: robo ya pensheni ya miezi yote mitatu, na hakuna kopo tulilowatengea. Tulipanga maisha ya watu wawili, na katika ndoa yetu hatujawahi kuwa wawili. Ningeweza kusema tupunguze kwenye robo hiyo, lakini sikusema. Baba Neema naye hakusema. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza mdogo wa Neema anamaliza chuo lini. Nikamwambia, miaka miwili.

Barua ya kustaafu ilikuwa imeshaandikwa. Aliichukua, akaikunja mara nne, akaitia kwenye kopo la sita, ambalo nilikuwa nimelisugua asubuhi hiyo na kulipanga mwanzoni, kabla ya la unga.

Siku hizi jua likitoka anatandika mkeka uani na kuanika maranda. Anayageuza kwa mikono, anayabana kiganjani kuona kama yamekauka, na jiko amelihamishia nyuma ya mchicha, upande ambao upepo unaupeleka moshi mbali nasi.