Barua kutoka Leicester: Namlisha Kasuku Mboga

Wapendwa wangu wa Makorora, Tanga,

  Kwanza nimjibu Shangazi, aliyeniuliza kwenye simu, tena mbele ya wageni, kama ni kweli kazi niliyoifuata Uingereza ni kulisha ndege. Ni kweli, Shangazi. Ila acha nieleze lote, maana mkisikia nusu mtatangaza nusu.

Nimeajiriwa kumtunza bibi mmoja aliyevuka miaka themanini. Namwogesha, nampa dawa, nampikia. Bibi hana tabu: ukimpa supu atakunywa, ukimpa samaki atakula, na ahsante juu. Tabu ni Percy.

Percy ni kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, ukoo wa misitu ya Kongo. Kongo yenyewe hajaiona, alizaliwa tunduni hapahapa Uingereza. Ana pete yenye namba mguuni na cheti kabatini, kwa kuwa biashara ya kimataifa ya kasuku wa aina yake waliokamatwa porini ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, huko Johannesburg, mwaka 2016. Kwa kifupi, makaratasi yake yamenyooka kuliko ya Watanzania kadhaa ninaowafahamu.

Bwana huyu maisha yake yote amekula alizeti na karanga, na mkate wa siagi anaomwibia Bibi. Daktari wa ndege (ndiyo, wapo, na ada yao ingemlipia mtoto karo) akamfungua mdomo, akamulika koo, akaguna. Alizeti ina mafuta mengi, lakini vitamini A na kalsiamu ni kiduchu. Kwa kasuku ni sawa na mtoto kulelewa kwa chipsi mayai. Akikosa vitamini A huharibika pua na koo, akawa mtu wa mafua yasiyokwisha. Na hawa wa kijivu hasa hupungukiwa kalsiamu kwenye damu hadi wakashikwa na degedege. Agizo likaandikwa: peleti, yaani chakula cha kusindikwa chenye virutubisho vyote, pamoja na mboga za majani, karoti na viazi vitamu vya rangi ya chungwa. Alizeti iwe zawadi tu.

Percy akaitazama peleti kwa jicho la kushoto, akaitazama kwa la kulia, akaiokota kwa mguu na kuitumbukiza kwenye chai ya Bibi. Karoti ikafuata. Brokoli alilishika kwa adabu kabisa, kumbe anapima umbali wa ukuta.

Najua mtasema: mnyimeni, njaa ikimbana atakula. Kwa kasuku huko ni kumuua. Aliyezoea mbegu anaweza kushinda na njaa hadi akafa, bakuli la peleti liko mbele yake, kwa sababu hakitambui kitu kile kuwa ni chakula. Ndiyo maana mbegu zinapunguzwa kidogo kidogo, na kila asubuhi nampandisha kwenye mizani ya jikoni. Kasuku wa aina yake huwa na gramu 400 hadi 500 hivi. Akipoteza sehemu ya kumi ya uzito wake, ni mbio kwa daktari. Nimepanda ndege kutoka Dar es Salaam kuja kupima ndege.

Kwenye friji kuna orodha ya haramu: chokoleti, kahawa, vitunguu, chumvi na parachichi. Parachichi hilo mnalouziwa kwenye matoroli, kwa kasuku ni sumu. Kikaango changu kisichogandisha nacho kimefukuzwa jikoni, kwa kuwa kikipata moto kupita kiasi hutoa hewa inayoua ndege. Chapati sasa napikia chuma.

Ufumbuzi ulitoka kwenye sahani yangu. Kasuku ni ndege wa kundi, na kinda hujua chakula kwa kuwaangalia wakubwa wanakula nini. Jioni moja nilikuwa nakula ugali na pilipili nyekundu, Percy akatua begani, akanyakua pilipili nzima na kuitafuna na mbegu zake, macho makavu. Mimi niliyeonja ncha tu ndiye niliyekuwa nalia. Ndege hawausikii ule ukali hata kidogo. Na pilipili nyekundu ni mojawapo ya vyakula vinavyoupa mwili vitamini A.

Tangu hapo chambo ni mimi. Naenda Belgrave Road kwa mzee mmoja wa Kihindi, ambaye familia yake ilifukuzwa Uganda na Amin mwaka 1972. Kiswahili chake bado kinafaa kupatana bei. Alipojua mboga ni za kasuku wa Kongo alinipunguzia, akasema huyo ni jirani. Asubuhi, Percy akiwa na njaa, natenga sahani mbili zinazofanana: sukuma wiki, karoti, kiazi kitamu. Chumvi hakuna, mafuta hakuna. Nakula yangu mbele yake, nafumba macho, natamka, “Mmh, tamu!” Mimi, niliyekuzwa kwa tui la nazi! Peleti nazisaga na kuzinyunyiza juu ya kiazi. Alizeti anapewa jioni, chache, zimefungwa kwenye vikaratasi azitolee jasho.

Amebadilika. Alianza na maneno: “Mmh, tamu!” kisha chakula ukutani. Siku hizi pilipili, karoti, sukuma wiki na peleti za unga zinakwenda. Kuhusu brokoli, mazungumzo yanaendelea.

Sasa lililonifanya niandike. Mmeniambia Mjomba amekutwa na sukari, na kwamba mnamtengea dona na matembele peke yake pembeni, ninyi mkijilia wali wa nazi mbele ya macho yake, kisha mnanilalamikia kuwa ni mkaidi hafuati masharti. Hatayafuata. Mtu mzima mmemtenga na sinia, halafu mnamsomea maneno ya daktari! Pikeni chungu kimoja, dona na matembele kwa nyumba nzima, mkae mle naye, na atakayenung'unika anunue mchele kwa hela yake. Za mwezi huu nimeshatuma, na zote ni za dona.

Wasalaam,
Ndugu yenu wa Leicester